Mwaka Tuliolilia Mogadishu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo sihitaji kuitafuta kichwani, yenyewe hunijia. Ilikuwa hapa hapa Brussels, upande wa Berchem, kwenye yale maghorofa, mwaka wa 2011. Mimi sikusoma sana, miaka michache tu pale Buyenzi, Bujumbura. Lakini majina ya watu siyasahau, ya walio hai na ya waliotangulia.

Mwaka ule ulikuwa mwaka wa Somalia. Kila ukiwasha televisheni ni Somalia: mvua imegoma, ng'ombe wamelala chini kama magunia matupu, watu wanatembea na watoto mgongoni kutafuta chakula, na Mogadishu kwenyewe risasi. Mtaniuliza, sisi Warundi ilituhusu nini? Bon, ilituhusu. Askari wa Burundi walikuwa kule wakiulinda mji, na mmoja wao alikuwa Hamisi, mtoto wa mdogo wangu Mariamu. Mariamu nilikuwa nakaa naye nyumba moja.

Mlango wa pili kutoka kwetu alikaa Sahra, Msomali. Kiswahili alikiokota Nairobi, miaka ya ukimbizi. Mama yake, Faduma, alibaki kwao Baidoa, na ukame ulipozidi akafuatana na majirani kwa miguu mpaka Mogadishu, kambini. Basi tukawa nyumba mbili tunaongojea simu kutoka mji mmoja. Sahra hakuwa mtu wa kubisha hodi. Alikuwa anaingia tu, anaketi jikoni, anauliza kama kuna habari.

"Mama Hamisi," alimtania mdogo wangu siku moja, "huyo kijana wako ana bunduki kubwa. Mwambie akimwona mzee mwenye kelele sana, asipige. Huyo ni mama yangu."

"Na weye mwambie mama yako amupikie mutoto wangu," Mariamu akajibu. "Kwenye picha amekonda kama mwiko!"

Tukacheka. Binadamu hucheka hata na hofu tumboni.

Halafu simu ikaja. Kulikuwa na mapigano makali, na Hamisi hakurudi. Mwili je? Tukaambiwa tungoje. Vita havina macho, mwanangu, na mara nyingine havina hata kaburi. Tukaweka matanga bila maiti. Wanawake wa Buyenzi wakaja kutoka kila pembe ya mji huu, hata wale wanaotunza wazee huko Uccle waliomba ruhusa kazini. Mlango tukauacha wazi, kama kwetu, tukauegemeza kwa mfuko wa mchele usijifunge. Wabelgiji walipita wakichungulia, maskini, hawajui waseme nini.

Kesho yake mchana Sahra akatokea mlangoni, mikono mitupu, mtandio umekaa upande. Kabla hajafungua mdomo, Mariamu akanyanyuka mkekani.

"Rudi kwako! Watu wenu wamemula mutoto wangu. Alikwenda kuwalinda, mukamula. Rudi!"

Akausukuma ule mfuko kwa mguu, mlango ukajifunga. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nani angemkemea mama aliyefiwa?

Bibi Mwamini alimkemea. Huyo alikuwa mkubwa wetu sote hapa, alizika watoto wake katika vita vya kwetu, na magoti yalikuwa hayamsikii tena.

"Nani amefunga mulango?"

"Ni mimi, bibi."

"Mariamu, kilio ni chako, hakuna wa kukunyang'anya. Lakini mulango wa kilio ni wa watu. Mimi watoto wangu waliuawa na watu wa lugha yangu mwenyewe. Kama ningefunga mulango, nani angebaki wa kunishika mukono? Alors, niinueni."

Nikamwinua, nikamshika kwapani, tukatoka polepole. Sahra hakuwa amefika kwake. Tulimkuta ameketi kwenye ngazi.

"Binti yangu," Bibi akamwambia, "ulikuja kutupa pole. Tusamehe."

"Nilikuja kulia," Sahra akasema. "Mama amefariki jana, kule kambini. Hapa sina ukoo. Nilijua kwenu tayari kuna mkeka."

Bibi akamnyooshea mkono.

Tukamwingiza. Mariamu alipoambiwa alijifunika uso kwa kanga, kisha akasogea, akamwachia nafasi kando yake. "Kaa, Sahra," ndilo neno pekee aliloweza. Shehe alipokuja kusoma dua, mimi ndiye niliyemtajia majina: Hamisi bin Ramadhani, na Faduma binti Ali.

Ningependa kukwambia yakaisha hapo. Mariamu aliomba radhi baadaye, tena akilia, na Sahra alisamehe kwa moyo, naamini hivyo. Lakini tangu siku ile alikuwa anabonyeza kengele. Anabonyeza, anasimama nje mpaka aambiwe karibu. Mariamu alikuwa anakimbia kumfungulia, anamvuta mkono, anamwambia hapa ni kwako. Na kesho yake, kengele. Maji yakishamwagika hayazoleki. Mwishowe Sahra akahamia Uingereza kwa binamu zake. Mariamu naye ameshatutoka, na hata katika ugonjwa wake, mtu akipiga kengele alikuwa anauliza, "Ni Sahra?"

Donc, nakwambia haya kwa sababu nawasikia kwenye simu zenu: watu wale, watu wetu. Usimtwike mtu mmoja nchi nzima. Nchi haina shingo ya kukaba, ndiyo maana tunakaba ya jirani. Ukifiwa, lia mpaka uchoke, lakini usichague nani alie nawe, maana hujui aliyesimama mbele yako amebeba nini. Na ukikosea, omba radhi upesi, ila usidhani radhi hurudisha kila kitu. Uchunge ulimi ungali mdomoni.

Mola akulinde na simu za usiku na za mchana. Akupe majirani wanaokuja bila kuitwa, na moyo wa kuwapokea hata ukiwa umevunjika. Awarehemu Hamisi na Faduma, na Mariamu, na Bibi Mwamini. Na Sahra, popote alipo, Mungu ampe watu. Amina.