Sinia la Koboko Lilipofika Ajia

Nafundisha hesabu katika mji wa Koboko, na kila Ijumaa jioni huandika kwenye blogu yangu kuhusu somo lililonishinda au lililonifurahisha. Sikuweka jina wala picha. Nimejiita tu Mwalimu wa Koboko. Nilidhani msomaji wangu ni dada yangu peke yake, na yeye husoma kwa kunihurumia.

Safari moja niliandika jinsi nilivyofundisha nusu na robo kwa sinia la kuchora chini. Kwetu watoto hula sinia moja, kila mmoja upande wake, na ole wake anayevuka mpaka. Nikasisitiza kwamba lazima wanawe kwanza, maana bila kunawa hakuna mtoto atakayeamini kuwa hilo ni sinia.

Mwaka huu nilitumwa kutembelea shule moja huko Ajia, kijiji cha wakulima. Nje ya darasa nilikuta duara kubwa limechorwa kwa majivu, limegawanywa vipande vinne, na watoto wamelizunguka. Chakula hakikuwepo, hata punje. Lakini birika la maji lilikuwa likipita, na kila mtoto alinawa kimya, kama yuko msikitini. Maneno niliyoyaandika jikoni kwenye simu kwa kidole gumba yalikuwa yamefika Ajia kabla yangu, nayo yalikuwa kazini bila mimi.

Nikachuchumaa nijiunge nao. Mwalimu wao akanishika bega.

"Madam, nawa kwanza. Ile mwalimu ya Koboko iko mkali sana kwa hiyo."

Nikanyoosha mikono.