Kifungo cha Tatu cha Royce Pelletier

Adela Vandermark alishona sare za kadeti kwa miaka thelathini na moja katika chuo cha maofisa kilicho juu ya mji wetu, nami nilikuwa mpiga pasi wake kwa zaidi ya nusu ya muda huo. Alikuwa na ulimi mkali na mkono mwepesi, na mshono wake aliuringia. Kila kifungo alikizungushia uzi mara saba shingoni kabla ya kupiga fundo. Ukimwambia mara tano zinatosha, anakununia mpaka jioni.

Jumapili aliwakaribisha nyumbani kadeti wawili watatu wenye kwao mbali. Aliyempenda kuliko wote ni Royce Pelletier, mtoto wa wakulima wa viazi wa jimbo la Maine, Marekani, mwaka wa nne. Adela hakujaliwa mtoto, na kijana yule alimwita mama bila kuambiwa na mtu. Jumapili moja ya Mei 1974, kifungo cha tatu cha koti lake kikalegea pale mezani.

"Vua koti," Adela akasema, "kabla hakijatumbukia kwenye mchuzi."

"Mama, tunatakiwa tushone wenyewe."

"Nimeshaona mnavyoshona. Kula viazi vyako."

Kesho yake ilikuwa siku ya ukaguzi. Kapteni Stroud, ofisa aliyewakagua, akakishika kile kifungo. "Umeshona mwenyewe?" Royce akajibu, "Ndiyo, afande!" Miaka minne walimfundisha kujibu bila kusita, na jibu likamtoka kabla hajafikiri. Angeweza kulirekebisha papo hapo. Hakulirekebisha.

Chuo kile kina sheria moja iliyo juu ya zote: kadeti hadanganyi, haibi, wala hamvumilii anayefanya hayo. Uongo mdogo hawaujui. Anayevunja anafukuzwa.

Jumanne Stroud akaja kwetu kupimwa suruali, amechangamka. "Bi. Vandermark, angalia usije ukapokonywa kazi! Pelletier kashona kifungo, uzi mara saba, kimekaza kuliko vya kwenu hapa."

"Pelletier?" Adela akacheka, pini mdomoni. "Hata kutunga uzi hajui! Huo ni mkono wangu, Kapteni. Jumapili, mezani kwangu."

Nami nikadakia, "Yule mpe bunduki, sindano muachie mama yake!" Tukacheka sote wawili, na kicheko kile nakijutia hadi leo. Stroud hakucheka. Alisimama na suruali yake iliyojaa pini, uso umempauka.

"Natamani usingeniambia," akasema.

Maana sheria ile ya kutomvumilia mwongo ilimbana hata ofisa. Asingeweza kunyamaza.

Adela aliitwa kutoa ushahidi mbele ya baraza la chuo. Akavaa nguo zake za kanisani, na njiani akaniambia, "Nitasema nilichanganya makoti. Mimi si kadeti, sheria yao hainihusu." Lakini kabla hajafungua mdomo, Royce akasimama.

"Msimuulize. Alishona yeye. Mimi nilidanganya."

Zilibaki siku kumi na tisa avishwe cheo cha luteni.

Alileta koti mwenyewe, maana makoti ya wanaoondoka hutolewa jina na vifungo, kisha hupewa wengine. Alikuwa amevaa shati la kiraia lililombana mabega.

"Ungesema kweli siku ile, wangekupa adhabu gani?" Adela akamuuliza.

Royce akatazama chini. "Gwaride la Jumamosi moja, mama. Saa mbili tu."

"Na mimi ningefunga mdomo wangu..."

"Usijilaumu, mama."

Akambusu shavuni, akaenda kupanda basi.

Adela alifumua jina kwa dakika moja. Vifungo viwili vya juu vilikuwa vya kiwandani, vikang'oka upesi. Cha tatu kikamshinda. Alipitisha ncha ya mkasi, akavuta, kisha akauweka mkasi mezani.

"Nilikishona kisitoke," akasema, akanisukumia koti. "Kata wewe."

Nikakata. Alifanya kazi miaka tisa zaidi, na kwa miaka yote hiyo alizungusha uzi mara tano.