Marehemu Aliyeitwa Adeer

Saa tatu kasoro robo asubuhi, mpita njia kutoka Modogashe alimwambia mama kwamba amemwona baba yangu huko, mzima, akinywesha ngamia.

Mama alikaa chini. Sisi tulijua baba alifia hapa Garissa nilipokuwa ningali nikinyonya. Habari hiyo ililetwa Ijara, tulikokuwa tukiishi wakati huo, na wachuuzi wa ng'ombe, kwa sababu mtoto wa kaka yake, aliyemuuguza na kumzika, alikufa kwa homa njiani. Shahidi hatukuwa naye. Mama aliolewa tena, akazaa wasichana wawili.

"Kama yu hai," alisema, "mimi nimekaa na mwanamume asiye mume wangu miaka yote hii?" Akanipa nauli ya lori la Modogashe, linaloondoka saa sita.

Nilipita makaburini kwanza. Yalikuwa mawe matupu. Nikaenda ofisini, ambako waliozikwa mjini waliandikwa. Karani, mtu wa pwani, alipekua kitabu.

"Jina hilo halimo."

Nilimwomba atazame tena.

"Nina Adeer wanne," akaendelea, akicheka. "Bwana, mwambie mtu wenu asimwite mwanawe Adeer. Hawaishi hawa!"

Sikucheka. Adeer si jina. Ndivyo tunavyomwita ndugu wa baba kwa lugha yetu. Kijana aliyemzika baba, alipoulizwa jina la marehemu, alilitaja lile la heshima, na karani wa wakati huo akaliandika.

"Majina ya baba zao yameandikwa?"

"Huyu wa mwisho ameandikiwa ukoo mzima. Aliyemwandikisha alikataa kunyamaza, naona."

"Soma, tafadhali."

Alisoma polepole, akikwama kwenye matamshi. La kwanza lilikuwa la babu yangu. Nilishika ukingo wa meza. Babu wa jina lile ni wengi. La pili, la tatu, la nne: niliyajua kabla hajayatamka, kama nilivyofundishwa utotoni, mpaka la saba. Babu alikuwa na wana wawili tu, na yule mwingine tulimzika wenyewe Ijara.

Nyumbani mama alinitaka niyarudie. Akanitaka tena, macho yake mlangoni, kana kwamba mtu angeingia kabla sijamaliza. Nilipofika la saba mara ya tatu tulisikia lori la Modogashe likiondoka. Ndipo aliponyoosha mkono, nikamrudishia nauli yake: shilingi tisa.