Mchi Uliopigwa Msasa

"Hivi, mwenzangu, na michi nayo inasomewa digrii?"

Aliyeuliza alikuwa jirani yake, fundi cherehani, mguu ukiwa bado kwenye pedali na pini mdomoni. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anavyouliza bei ya kitu asichokuwa na nia ya kukinunua. Lakini wateja waliokuwa kibarazani walicheka, na mwanamke aliyeulizwa, aliyekuwa akipita na mfuko wa vitabu begani, akasimama.

"Inasomewa," akajibu. "Na hiyo pini itoe mdomoni, maana ukiimeza itakuwa kazi ya daktari, si yangu."

Tangu siku hiyo fundi akamwita Profesa, na jina likamganda. Muuza mkaa akalichukua, watoto wakalichukua, hata mama yake mzazi akikasirika alimwita hivyo.

Profesa alikuwa mwongoza wageni wa makumbusho tangu usichana wake. Kazi yake ilikuwa kutembea mbele ya watoto wa shule akisema msiguse, msiegemee, msikimbie. Siku moja mtoto wa kike mwenye pengo la meno yaliyong'oka alisimama mbele ya kinu kilichokuwa kabatini akamwuliza, "Kilikuwa cha nani?" Profesa akatazama kibao cha maelezo. Kibao kilisema: Kinu. Mti. Basi. Akamjibu mtoto, "Kilikuwa cha watu wa zamani," na jibu hilo likamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Watu wa zamani ndio nani? Hawakuwa na mama? Hawakuwa na mikono? Mwaka uliofuata aliomba chuo, akakubaliwa kusomea shahada ya uzamili ya makumbusho na vitu vya kale. Umri wake wakati huo ulikuwa wa mtu ambaye wenzake wanaanza kuozesha.

Huko chuoni alifundishwa mambo ambayo akiyasimulia nyumbani watu walishika mbavu. Kwamba kitu cha mti kikifika makumbusho hufungwa kwenye mfuko na kugandishwa kwenye friza, dumuzi, wale wadudu wa kutoboa mti, wafie humo humo. Kwamba chungu hakibebwi kwa mkono wake, hubebwa kama mtoto mchanga, mkono mmoja chini na mmoja ubavuni. Kwamba namba ya kitu huandikwa ndogo, mahali pa kujificha, juu ya utando mwembamba unaoweza kubanduka bila kukiumiza. Na kanuni iliyo mama wa kanuni zote: usikifanyie kitu jambo ambalo huwezi kulitengua. Hiyo aliipenda kuliko zote. Alisema ingefaa hata kwenye ndoa.

Ulipofika wakati wa kuchagua kitu cha kukifanyia utafiti, hakwenda mbali. Alikwenda jikoni kwa mama yake.

Mchi wa mama yake ulikuwa wa bibi kabla ya kuwa wa mama. Bibi alikuwa mrefu kama mnazi. Mama ni kipande cha mtu. Kila mmoja alishika pale kimo chake kilipomfikisha, mwaka baada ya mwaka, mpaka mti ukalika ukawa na viuno viwili, cha juu cha bibi na cha chini cha mama. Kwenye kile cha juu, upande mmoja, palikuwa na mwinuko mdogo, mpana kama kidole. Bibi aliungua mkono akiwa msichana na kidole chake kimoja hakikukunjika tena maisha yake yote. Kidole kile hakikushika, na pale kisiposhika mti ulibaki. Profesa alikuwa na picha moja tu ya bibi, nayo sura imefifia. Lakini akiweka mkono wake pale, alikuwa kama amemshika bibi mkono.

Hilo ndilo alilotaka kuliandika: namna mkono wa mtu unavyouchonga mti bila kisu, na namna ya kumsoma mtu kwenye chombo chake hata kama hakuna aliyeandika jina lake.

Mama alikataa. "Nitatwangia nini? Hotuba zako?"

"Nitakununulia mwingine, mama."

"Mwingine hauujui mkono wangu."

"Mama, sikiliza. Wewe ukiondoka, na mimi nikiondoka, huu utachomwa kuni na watu wasiojua. Kule utakaa kama ulivyo. Hakuna atakayeugusa. Hata mimi nitaushika kwa glavu."

Mama akacheka mpaka akajifuta macho. "Mchi wa kushikwa kwa glavu! Makubwa haya." Kisha akaacha kucheka, akaupangusa kwa upindo wa kanga yake, akampa. "Umesema utakaa kama ulivyo."

"Kama ulivyo, mama."

Mchi ukaingia makumbusho. Ukagandishwa, ukapewa namba, ukapigwa picha, ukalazwa kwenye meza ya ghala, kwenye kitambaa laini, ukingoja kupimwa. Mama akaanza kutwangia mchi mpya wa sokoni, akatoka malengelenge, akafunga kitambaa mkononi, akaendelea kutwanga. Profesa akaenda chuoni kwa masomo ya darasani.

Aliporudi, meza ilikuwa tupu.

"Profesa! Njoo uone!" Alikuwa seremala wa makumbusho, mzee mwema asiyejua kumsema mtu vibaya. Akamshika mkono, akampeleka ukumbi mpya uliokuwa ukiandaliwa kwa ajili ya wageni wakubwa. Kwenye kabati la kioo, chini ya taa, mchi ulikuwa umesimama. Unang'aa. Umenyooka kutoka juu hadi chini kama mguu wa meza. Harufu ya vanishi ilikuwa bado mbichi.

"Ulikuwa umeliwaliwa," seremala akasema kwa fahari. "Hata umbo haukuwa nalo. Nimeanza na msasa mkali, nikamalizia na laini. Wa kwako nimeufanya kwa mkono, sikutumia mashine. Kwa heshima yako."

Profesa aliutafuta mwinuko wa kidole. Akazunguka kabati. Akazunguka tena, kama vile upande mwingine ungekuwa na huruma zaidi.

"Nani alikuambia, mzee wangu?"

"Mkuu. Alisema vya mti vyote ving'ae."

Angemfokea mzee yule angepata dhambi bure. Akamwambia ahsante. Neno lile lilimtoka kama jino. Akapanda ngazi.

Mkuu wa makumbusho alikuwa akichagua rangi ya utepe wa kukatwa siku ya ufunguzi. Alimkaribisha kiti. Hakukaa.

"Mkuu, mmeufanya nini mchi wangu?"

"Wetu," mkuu akamsahihisha taratibu. "Ulishaukabidhi. Na umependeza, au sivyo?"

"Ulikuwa na alama."

"Ulikuwa umelika."

"Umeliwa na mikono! Ya bibi yangu na ya mama yangu! Hicho ndicho nilichokuwa nakisomea! Mnafuta kitabu halafu mnaniambia karatasi imekuwa nyeupe?"

"Picha si unazo?"

"Mkuu, leo ukifa, nikabaki na picha yako, nitawaambia watoto wako baba yupo?"

Mkuu akaweka utepe chini. Hakuwa mtu mkorofi. Alikuwa mtu aliyezoea kuwa vitu vikiletwa kwake vinakuwa vyake. "Binti, punguza sauti. Wageni wanakuja, hatuwezi kuwaonyesha kuni. Siku hiyo wewe ndiye utakayeueleza, na mama yako tumwalike, wageni wanapenda kumwona mwenye kitu. Na kumbuka mimi ndiye nitakayewaambia chuo kama mafunzo yako ya vitendo umefaulu. Nisingependa kuwaambia kwamba hujui kukaa na watu."

Kisha akampa kibao kilichokwisha kuchapwa. Kilisema: Mchi wa kutwangia. Umehifadhiwa katika hali yake ya asili.

Profesa alilelewa na mama aliyemfundisha kwamba hasira ikija, mpelekee Mungu kwanza. Akampelekea, njia nzima ya kurudi nyumbani, midomo ikimtembea hadi wapita njia wakamgeukia. Lakini siku ile ni kama Mungu aliipokea, akaitazama pande zote, akamrudishia ikiwa ya moto vilevile. Labda aliona inayo kazi.

Alimpigia simu mwalimu wake wa chuo, yule anayemsimamia utafiti.

"Andika kwa picha," mwalimu akasema. "Vipimo vya mwanzo unavyo. Maliza, upate shahada, halafu ugombane ukiwa nayo mkononi."

"Na wakisoma, wakitaka kujua mchi wenyewe uko wapi?"

"Andika uko makumbusho. Si uko?"

"Uko."

"Basi si uongo."

"Si uongo, mwalimu. Ila ukweli nao haumo."

Mwalimu akapumua kwenye simu. Akasema ana kipindi.

Akabaki mama. Profesa alimkuta uani anatwanga, kitambaa kimefungwa mkononi, mchi wa sokoni unapiga kinu kwa sauti ya ugeni. Alikuwa amepanga maneno mazuri. Yote yakamkimbia.

"Mama, mchi wameupiga msasa."

Mama akasimamisha mkono juu. "Wote?"

"Wote."

"Na pale pa kidole cha mama?"

"Hapapo tena. Wamepaka na vanishi."

Mama akauteremsha mchi polepole, akauegemeza ukutani. Akafungua kitambaa, akajitazama kiganja chenye malengelenge yaliyopasuka.

"Wamemnyoa mama yangu," akasema.

"Nisamehe, mama."

"Sitaki samahani. Samahani haitwangi." Sauti ilianza chini, ikapanda. "Uliniambia kule utakaa kama ulivyo, hakuna atakayeugusa. Mimi niliulinda kwa kuutwangia tu, nisiye na digrii, na hakuna siku ulinyolewa! Nenda kawaambie wataalamu wako waje wanitwangie, Profesa!"

Fundi cherehani kule kibarazani alisimamisha mashine asikilize. Hakucheka.

Mama aliingia ndani akafunga mlango. Siku zilizofuata aliongea na bintiye kwa mambo ya lazima tu, chumvi na ndoo. Lakini mwaliko ulipofika aliupokea, akakipiga pasi kitenge chake cha kanisani, akasema, "Nitakwenda. Nataka nimwone mama yangu walivyomnyoa."

Siku ya ufunguzi ukumbi ulijaa. Utepe ulikatwa, hotuba zikasomwa, picha zikapigwa. Fundi naye alifunga duka akaja, kwa kuwa, alisema, jirani yako akienda vitani hata kama huna panga unambebea maji. Profesa alisimama kando ya kabati. Usiku kucha alikuwa amebishana na nafsi yake. Akisoma kile kibao, shahada anayo. Asipokisoma, miaka yote ya vitabu imekwenda na maji. Alikuwa hajajua bado atafanya lipi.

Mkuu alimshika mama mkono kwa adabu, akamleta mbele. "Mabibi na mabwana, huyu ndiye mwenye mchi!" Watu wakapiga makofi. Mlango wa kioo ulikuwa wazi kwa ajili ya wapiga picha, na mama, kama mtu yeyote aliyekutana na chake, akanyoosha mkono.

Mkuu akauzuia mkono ule hewani, taratibu, huku akitabasamu. "Samahani, mama yangu. Vitu vya makumbusho haviguswi."

"Haviguswi?"

"Ndiyo, mama. Jasho la mkono huharibu mti."

Mama alimtazama. Halafu akawageukia watu wote mle ukumbini, mfupi, kitenge kimenyooka. "Mmesikia, jamani? Jasho la mkono huharibu mti. Dawa yake msasa."

Fundi cherehani ndiye aliyeanza kucheka, kwa sauti, na kicheko chake hakikuwa cha furaha. Wengine wakacheka bila kujua wanacheka nini. Seremala, aliyekuwa nyuma, alielewa. Akautazama mchi, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe, akaificha mifukoni. Mkuu akaona jambo linaharibika. Akamsukumia Profesa kipaza sauti. "Dada yetu atatusomea maelezo."

Profesa akakishika. Akasoma, "Mchi wa kutwangia." Macho yakafika mstari wa pili. Mbele yake mkono wa mama ulikuwa bado umeinuliwa kidogo, ule wenye malengelenge, kama umesahau kushuka. Akamkumbuka mtoto wa meno yaliyong'oka, na lile jibu lililomkaa kooni. Jibu lingine kama lile hakutaka kulitoa.

Akakibandua kibao kutoka kwenye kioo. Akamgeukia mkuu, kipaza sauti kikiwa bado mdomoni.

"Mkuu, naomba kibao hiki kiondolewe, kiwekwe kingine kilichoandikwa hivi: Mchi huu ulitumiwa na mama na binti yake. Ulikuwa na alama za mikono yao. Makumbusho haya yamezifuta kwa msasa, na hayawezi kuzirudisha."