Deraya ya Brayden

Kwa miaka kumi na tisa Trudi Vassallo aliwashonea mavazi wasichana wanaokodiwa kupamba mabanda kwenye maonyesho ya michezo ya kompyuta, Melbourne. Vazi lenyewe vitambaa vitatu na kamba, na maonyesho ni Julai, kipupwe kimepamba moto. Wasichana walitetemeka, yeye akameza hasira.

Mwaka huo waandaaji wakaita mkutano wa wenye mabanda na mafundi: mavazi hayo yapigwe marufuku au yaruhusiwe? Brayden Stroud, mwenye banda kubwa kuliko yote, akasimama kifua mbele. "Ile ni deraya, vazi la vita la shujaa wa kike wa mchezo wetu! Kuna ubaya gani?"

"Shujaa wenu wa kiume mmemvika chuma mpaka kidole cha mguu," Trudi akamjibu. "Huyu wa kike hana hata sweta?" Akafungua mkoba, akamtupia vitambaa vitatu na kamba. "Nimekushonea saizi yako, kaka. Shabiki avae apendavyo, hiari yake. Wewe nakukodi: masaa manane, pale mlangoni."

"Mimi? Si nitaganda!"

Ukumbi ukaangua kicheko. "Mwenyekiti," akasema Trudi, "andika hilo."

Mikono ikainuka, marufuku ikapita. Julai iliyofuata, wasichana wa banda la Brayden walivaa deraya mpaka kidevuni, wakimlalamikia Trudi kwamba wanaona joto. Hajapata kusikia lalamiko tamu kama lile.