Fundi majeneza wa Lushoto na sanduku la besi

Ko. Ko. Ko.

Ni saa kumi na moja alfajiri, nyumba bado ina giza, na sebuleni kifundo cha kidole kinagonga ubao taratibu. Kinagonga, kinanyamaza, kinasogea kidogo, kinagonga tena.

"Baba Vumilia, utamwamsha mtoto," inasema sauti ya mke kutoka chumbani.

"Nimemaliza. Kona moja tu imebaki."

"Hiyo kona moja umeianza tangu juzi."

Koroboi inawashwa. Elisante Shemweta, mwenye umri wa miaka 41, seremala wa mjini Lushoto, amepiga magoti mbele ya sanduku la plaiwudi lenye ukubwa wa kreti mbili za soda. Anatafuta mahali palipoachia. Ubao uliokaza, anasema, hujibu kwa sauti kavu. Ulioachia hujibu kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Sanduku hilo limelala sebuleni wiki nzima. Karakana yake iko bondeni, na tangu mvua za Elnino ukungu huko hauondoki mpaka saa tano. Ubao ukivuta maji hujikunja. Kwa hiyo wenye nyumba wamekuwa wakipita kwa ubavu, na Jenipher, mkewe, amekuwa akiandaa chai mezani huku goti likigusa ubao.

Saa nne asubuhi ya Jumamosi hii sanduku litaingia kwenye buti la gari la Darweshi, mfanyabiashara wa peasi na plamu mwenye umri wa miaka 27. Ni mara ya pili. Mara ya kwanza lilikataliwa mbele za watu.

"Likikataa na leo, Darweshi anachukua spika yake anaipeleka kwa mafundi wa Tanga," anasema Elisante. "Na mimi nabaki na majeneza peke yake."

Hakuanza na majeneza. Alijifunza useremala Rangwi, kwa fundi mmoja mzee aliyeitwa Kornelio, na kwa miaka mingi alitengeneza viti, meza na makabati. Mwaka 1990 alikuwa akiuza viti ishirini kwa mwezi. Kisha biashara zikafunguliwa, viti vya plastiki vikapanda mlima kwa malori, vyepesi, vya rangi, vya bei ya chini. Mwaka jana mzima ameuza viti sita.

"Kitu pekee ambacho hakijaletwa cha plastiki ni jeneza," anasema, na anacheka kidogo, kisha anaacha.

Kazi hiyo imemlisha. Imewalisha wote. Lakini wateja wake huja wakiwa na macho mekundu, na wengine wakikutana naye sokoni hubadilisha njia. Shuleni, watoto hujilaza mbele ya miguu ya bintiye Vumilia, wamenyoosha mikono ubavuni, wamefumba macho kama maiti. Ana miaka minane. Mwezi Februari mwalimu alipouliza kazi za wazazi, Vumilia alisimama akasema baba yake analima viazi.

"Mwalimu ndiye aliyeniambia," anasema Elisante. "Sikumgombeza mtoto. Ningemgombeza kwa lipi? Nilikaa tu karakanani, randa mkononi, sirandi kitu."

Wiki tatu baadaye Darweshi akasimamisha gari nje ya karakana. Ni Corolla, mtumba wa Japani, na ndani yake kulikuwa na redio mpya, amplifaya, na spika ya inchi kumi na mbili isiyokuwa na nyumba.

"Fundi, wewe si bingwa wa masanduku?" akauliza. "Basi nifanyie moja la mtu mzima."

Alichotaka si sanduku la kawaida la spika. Lina vyumba viwili. Spika hufungwa kwenye ukuta wa katikati, haionekani kabisa kwa nje. Chumba cha nyuma kimezibwa, hakipitishi hata pumzi. Chumba cha mbele kina bomba la plastiki, na sauti yote inatoka kwa bomba hilo. Sanduku lenyewe ndilo linalochagua: sauti nyembamba hubaki ndani, nzito kupita kiasi hubaki ndani, na inayotoka ni ile ya katikati yao, besi yenyewe, ile inayogonga kifua.

Vipimo alipewa na Edward, fundi redio wa Korogwe, kwenye karatasi ya daftari: nyuma lita ishirini na nne, mbele lita thelathini, bomba la inchi nne. Chini yake Edward aliandika, akapiga mstari: *Usiongeze, usipunguze.*

Elisante aliisoma karatasi hiyo mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Akapima, akakata, akapiga gundi iliyochanganywa na unga wa mbao, akafunga skrubu kila baada ya inchi mbili. Siku ya kujaribu, pale stendi, Darweshi akafungua muziki.

Kilichotoka ni mngurumo mmoja mzito, uleule, wimbo wowote ukiwekwa. Ulichelewa nyuma ya ngoma kama mzee anayefuata maandamano.

"Fundi, hili linalia matanga!" Darweshi akasema.

"Mle ndani kuna mtu!" akadakia utingo mmoja. "Mfungulieni atoke!"

Stendi nzima ikacheka. Vumilia alikuwepo, amebeba chakula cha baba yake kwenye kikapu. Aliweka kikapu chini, akaondoka.

Siku mbili Elisante alitafuta kosa kwenye waya, kwenye spika, kwenye bomba. Aliyeliona ni Jenipher. Alichukua galoni ya lita tano, akaanza kumimina mahindi kwenye chumba cha mbele, akihesabu kwa sauti. Lita thelathini zikaingia. Chumba hakikujaa. Akaongeza galoni moja, kisha nusu na zaidi, ndipo mahindi yakafika juu.

"Baba Vumilia," akasema, "hizi lita nane zimetoka wapi?"

Elisante aliangalia mkono wake wa kushoto. Hapo ndipo alipojua.

Rangwi, Mzee Kornelio alimfundisha kwamba marehemu habanwi. Ukishapima urefu wa mtu, unaweka mkono wako kwenye ubao baada ya alama, unaongeza upana wa vidole vinne, ndipo unakata. Haiandikwi, haidaiwi, familia haiambiwi. Ni adabu ya fundi kwa aliyelala. Elisante amefanya hivyo kwa kila jeneza, miaka yote hiyo, na mbele ya karatasi ya Edward mkono uliweka vidole vinne wenyewe.

"Sikudhamiria," anasema. "Naapa sikukumbuka hata kuviweka. Sanduku ni sanduku, mkono ukalionea huruma."

Kulikuwa na njia nyepesi. Edward, alipopigiwa simu ya posta, alimwambia ajaze tu nafasi hiyo kwa kipande cha mti. Elisante alikataa. Alibandua ubao wa mbele, akapiga alama kwenye mbao za ubavuni, akauweka mkono wa kushoto mfukoni, akaanza kukata.

"Nilimwona," anasema Jenipher. "Anakata kwa mkono mmoja kama mgonjwa. Nikaenda kumshikia ubao, nikamwambia, kata baba, hapa hakuna aliyelala."

Saa nne imefika. Jua limetoka, stendi imejaa, kwa sababu waliocheka safari ile wamerudi kuongezea. Vumilia amekuja na mama yake, nywele zimesukwa upya. Amesimama mbali kidogo, nyuma ya gauni la mama.

"Shikamoo," anamwambia Darweshi.

"Marahaba, mama. Umekuja kusikia jeneza la baba?"

Vumilia anajivuta zaidi nyuma ya gauni. Elisante anakaza nati ya mwisho, anafuta mikono kwenye suruali, anarudi hatua mbili. Darweshi anabonyeza redio.

Besi inatoka kwenye bomba, fupi, safi, ikikanyaga palepale ngoma inapokanyaga. Gitaa linasikika juu yake, halikufunikwa. Kioo cha nyuma kinatetemeka. Utingo wa siku ile anafungua mdomo, anaufunga, kisha mabega yake yanaanza kucheza yenyewe.

"Fundi!" Darweshi anapaza sauti juu ya muziki. "Fundi, hii hata Tanga hawaiwezi!"

Kabla wimbo haujaisha, dereva wa Bumbuli ameuliza la kwake litachukua siku ngapi. Elisante anamjibu wiki mbili. Mpango wake ni kukodi chumba kikavu kando ya barabara ya Soni kwa ajili ya kazi hizi, na fimbo ya kupimia huko isiwe ile ya majeneza.

"Majeneza siachi," anasema. "Watu hawataacha kufa kwa sababu mimi nimependa besi. Na hao nitawaongezea vidole vyao."

Watoto wamelizunguka gari. Marta, anayesoma darasa moja na Vumilia, ameweka kiganja kwenye buti lililo wazi, anakitoa, anakirudisha.

"Vumilia," anasema, "si ulisema baba yako analima viazi?"

Vumilia anatoka nyuma ya gauni la mama yake.

"Baba yangu anatengeneza majeneza na masanduku ya muziki."