Studio na Majani ya Matango

Mtaa mzima ulimwita Studio, na aliendelea kuitika hata baada ya studio yake ya picha kufa kifo cha aibu. Simu ndizo zilizoiua. Kila mtu akawa mpiga picha, hata mtoto asiyejua kujifunga kamba za viatu, na yeye akabaki kupiga soga na viti vitupu. Siku alipofunga kabisa, mkewe hakumlaumu. Alimwambia tu, "Baba watoto, kwa umri wetu huu, tukikosa tena ndiyo basi."

Akapiga moyo konde akajiunga na mafunzo ya watu waliokimbiwa na kazi zao. Darasani alimkuta mama mmoja aliyewahi kuwa keshia wa benki mpaka mashine ikamtoa kitini. Yeye akaitwa Keshia hivyo hivyo. Walifundishwa habari za mimea, kupiga picha za majani, na kuilisha kompyuta picha hizo ili ijifunze kutambua ugonjwa. Kampuni moja ya mbegu iliwaahidi ajira wote, kwa sharti moja: kompyuta yao iuone ugonjwa ukiwa bado mchanga. Ikishindwa, kila mtu na njia yake.

Studio aliteseka na masomo, jamani. Majina ya magonjwa yaliingia sikio hili yakatokea lile, na akiona jedwali la takwimu jasho jembamba linamtoka. Keshia ndiye aliyemvuta mkono.

"Jikaze kisabuni, Studio," alikuwa akimwambia. "Mwenzio sina pa kurudi."

Lakini kamera ilipotolewa, Studio alitia fora. Darasa likamwachia picha zote, Keshia akashika takwimu. Kila asubuhi Studio aliingia kwenye banda la nailoni, kwenye mistari ya matango yaliyoambukizwa ukungu makusudi, akainama mbele ya kila jani kama mbele ya bibi harusi. "Geuka kidogo, bibie. Hapo hapo." Wenzake walikufa kwa kicheko. Alianza kurudi nyumbani akipiga mluzi, na mkewe naye akaanza kupanga mambo ya mwakani. Natamani ningeweza kuishia hapa.

Mwalimu wao, binti ambaye Studio angeweza kumzaa, aliwaita mbele ya skrini akiwa amekunja uso. Kompyuta ilikuwa inasema majani mazima, mazima, mazima, halafu ghafla yamekauka.

"Ugonjwa hauanzi hivi," alisema. Keshia akapitia takwimu zake upya, mstari kwa mstari, hakuona kasoro. Mwalimu akamgeukia Studio. "Mzee, hebu twende unionyeshe unavyopiga."

Darasa zima likawafuata bandani. Mimea ya majaribio ilikuwa imeshang'olewa na kuchomwa, lakini mche mmoja ulikuwa umesahaulika pembeni ya banda. Studio akaisimamisha kamera kwa madaha. Akatoa kitambaa laini mfukoni, akakilowesha, akalipangusa jani juu na chini mpaka likang'aa.

"Banda hili lina vumbi jeupe sana," alieleza. "Huwezi kumpiga mtu picha na uso mchafu."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alivuta ndoo akaikalia.

"Mzee, lile siyo vumbi. Ule unga ndio ukungu wenyewe."

Alikuwa amewafundisha hilo mwanzoni kabisa, lakini kwa picha ya hadubini, iliyokuzwa hadi ukungu ukafanana na kichaka cha miiba. Studio alikuwa ametafuta miiba ile kwenye majani kila siku, na kila siku hakuiona.

"Ulipangusa mangapi?" Mwalimu aliuliza.

"Yote. Sikuruka hata moja."

"Ungekuwa mvivu, mzee wangu, leo tungekuwa na picha."

Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomkata maini. Msimu ulikuwa umekwisha, na kampuni haikuwa na mpango wa kungojea mwingine. Wanafunzi wakatoka mmoja mmoja. Waliomwangalia walimwangalia viatuni.

Kitu pekee Studio alichokijua maishani ni kumfanya kila aliyesimama mbele yake apendeze, na kwa ujuzi huo huo alikuwa amewachimbia kaburi watu wazima, baba na mama za watu. Alitamani ardhi ipasuke.

Keshia alikuwa bado amesimama mlangoni, mkoba kwapani. Studio akamsogelea.

"Dada yangu, nisamehe."

"Nimeshakusamehe," alisema Keshia. "Sasa niambie, mimi niende wapi?"

Keshia alingoja, alingoja kweli, maana hakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza.